Kabla hujafungua apu, jiulize mtoto atafikiria nini

Kuna Jumapili moja usiku nilikaa mezani hadi saa sita nikiandaa somo la uchafuzi wa maji, Gredi ya 7, na nikiangalia nyuma sahi naona kazi niliyokuwa nafanya ilikuwa ni kutafuta vitenzi tu. Nilikuwa na ile karatasi walimu wengi tunayo, ya piramidi ya rangi rangi inayoitwa ya Bloom, yenye orodha ya vitenzi kwa kila ngazi ya kufikiri, nikachukua "kutambua" hapa, "kuchanganua" pale, "kubuni" mwishoni ndo andalio la somo lionekane limekamilika, alafu kwenye sehemu ya nyenzo nikaandika projekta, Canva, YouTube. Kesho yake somo likaenda vizuri sana, ukiangalia kwa macho. Vikundi vilitengeneza mabango kwa hiyo Canva kwenye tableti, rangi safi, picha za samaki waliokufa, maandishi makubwa TUTUNZE MITO YETU. Mwalimu mwenzangu mmoja, mkongwe, alipita akasimama mlangoni akayaangalia, akamwita msichana mmoja akamuuliza, "Hebu niambie mama, hawa samaki waliuawa na nini?" Msichana akasema, "Uchafu, mwalimu." "Uchafu upi? Na uliwauaje?" Kimya. Kikundi kizima kimya.

Wiki hiyo sikutulia. Manake kwenye andalio watoto wangu walikuwa wamefika ngazi ya juu kabisa, walikuwa "wamebuni", lakini kichwani walikuwa wametafuta picha na kuchagua rangi, basi. Na si makosa yao, mimi ndo niliwapa kazi ambayo ungeweza kuimaliza bila kufikiria maji hata kidogo.

Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze kote nchini Kenya mwaka 2019 tumeambiwa sana kuhusu ufikiriaji wa kina na umilisi wa kidijitali, na tumeambiwa yote mawili kwa pamoja, kwa hivyo wengi wetu tumeyachanganya tukaamini ukileta kifaa darasani basi fikra zimepanda juu. Hapana. Ni vitu viwili tofauti kabisa na nataka nivitenganishe hapa taratibu, alafu nivirudishe pamoja kwa somo moja la kweli.

Hizi ngazi zenyewe kwanza, zimetoka wapi? Mwaka 1948 watu waliokuwa na kazi ya kutunga mitihani ya vyuo vikuu Marekani walikutana mjini Boston, pembeni ya mkutano wa wanasaikolojia. Shida yao ilikuwa ya kawaida tu, kila chuo kilikuwa kinatunga maswali yake peke yake na hawakuwa na lugha moja ya kuambiana swali fulani linapima nini, kwa hivyo hata kubadilishana maswali ilikuwa vigumu. Wakaanza kuyapanga maswali kwa aina. Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyeongoza uhariri wa kitabu kilichotoka 1956, na ndo tukapata makundi sita: maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, usanisi na tathmini. Mwaka 2001 Lorin Anderson, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Bloom, pamoja na David Krathwohl aliyekuwa kwenye lile kundi la kwanza, wakaongoza marekebisho. Majina yakageuzwa kuwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kubuni. Na kubuni kukawekwa juu ya kutathmini, wakati zamani tathmini ndo ilikuwa kileleni.

Ona hapo kitu. Hii kazi ilianzia kwa watunga mitihani. Swali lao lilikuwa, hili swali likiwekwa mbele ya mwanafunzi, linamlazimisha afanye nini kichwani? Hawakuwa wanatafuta maneno ya kupamba andalio la somo. Na ile piramidi unayoiona kila mahali, iliyobandikwa kwenye ukuta wa chumba cha walimu, haimo kwenye kile kitabu cha 1956. Ilichorwa baadaye na watu wengine, na mimi naona imetuumiza, kwa sababu piramidi inakuambia ngazi ya chini ni ya watoto wanyonge na ya juu ndo ya maana, inakuambia pia kila somo lazima lianze chini lipande hadi kileleni ndani ya dakika 40. Mtu anapanda ngazi sita kwa dakika 40 akifundisha nini jamani? Hata kumsimamisha mtoto mmoja ajibu vizuri inachukua dakika tatu.

Kukumbuka si aibu. Mtoto ambaye hajui kwamba majini kuna oksijeni iliyoyeyuka, na kwamba samaki anaipata kupitia mashavu yake, huyo utamwambia achanganue kifo cha samaki kwa kutumia nini? Atabahatisha. Atasema "uchafu, mwalimu". Wasichana wangu na wavulana wangu siku ile walikosa vitu viwili vitatu vya kukumbuka na kitu kimoja cha kuelewa, na mimi nikawarukisha hadi kwa bango.

Sasa tuje kwa vitenzi, manake hapo ndo pana mtego mkubwa. Tunadhani kitenzi ndo ngazi. Ukiandika "mwanafunzi aweze kuchanganua" basi uko ngazi ya nne, ukiandika "mwanafunzi aweze kueleza" uko ya pili. Chukua hicho kitenzi "eleza" uone. Eleza maana ya uchafuzi wa maji: mtoto anatoa sentensi iliyo kwenye daftari, hiyo ni kukumbuka hata kama kitenzi kinasema eleza. Eleza tofauti ya maji taka ya majumbani na taka za kiwandani: hapo lazima alinganishe vitu viwili, ameanza kuelewa kweli. Eleza ni kwa nini samaki wamekufa mahali hapa na si kilomita mbili juu ya mto, ukitumia vipimo hivi: kitenzi ni kile kile lakini sahi mtoto anatafuta chanzo, anapima ushahidi, anakataa majibu mengine. Kitenzi kimoja, kazi tatu tofauti kabisa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Norman Webb wa Wisconsin, alitoa mpango wake mwaka 1997 wenye viwango vinne vya kina kwa sababu kama hizi, yeye anaangalia kazi yote ambayo mtoto anatakiwa kufanya na anahitaji maarifa kiasi gani ili aifanye, hatazami kitenzi peke yake. Mimi sioni kama ni lazima uchague kati ya Bloom na Webb. Unatumia orodha ya Bloom kujikumbusha kuna aina gani za kufikiri, alafu unajiuliza swali la Webb, hii kazi ina kina gani kweli.

Kuna pia kitu kwenye marekebisho ya 2001 ambacho kwenye warsha huwa kinapitwa haraka sana, nacho ni kwamba waliweka pande mbili. Upande mmoja ni zile ngazi sita, upande wa pili ni aina ya maarifa yenyewe: ukweli wa moja moja, dhana, hatua za kufanya kitu, na kujijua wewe mwenyewe unafikiri vipi. Kwa mwalimu hii ni msaada mkubwa, manake "kukumbuka" jina la mto si sawa na "kukumbuka" hatua za kupima asidi, na kila moja inahitaji zoezi lake. Ile ya nne, ya mtoto kujua anapokwama na kwa nini, tunaisahau kabisa, na ndo hiyo mtaala wetu unaitaja ukisema kujifunza jinsi ya kujifunza.

Haya, vifaa. Mwaka 2008 mwalimu mmoja wa New Zealand, Andrew Churches, alichukua zile ngazi akaziongezea vitenzi vya dunia ya kompyuta, mambo ya kutafuta mtandaoni, kualamisha, kublogu, kutengeneza podikasti. Ilikuwa kazi nzuri kwa wakati wake. Lakini kilichofuata ni zile picha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, piramidi ile ile lakini kila ngazi imejazwa alama za apu, huku chini Google, katikati sijui Kahoot ya kwizi, juu Canva na za kutengeneza video. Ukiifuata hiyo picha utafanya kosa nililofanya mimi. Apu haina ngazi. Canva ukiitumia kunakili ufafanuzi kutoka kitabuni na kuuweka kwenye kisanduku cha rangi ya zambarau, mtoto yuko kwa kukumbuka, na hata huko hajafika vizuri. Na Kahoot ambayo kila mtu anaidharau ati ni mchezo wa kubonyeza, ukikaa ukatunga majibu yasiyo sahihi kwa uangalifu, kila jibu lisilo sahihi likiwa limebeba kosa ambalo watoto hulifanya kweli, basi dakika tano za Kahoot zinakuonyesha darasa lako limeelewa nini na limeelewa vibaya wapi. Mfano: "Samaki alikufa kwa sababu gani?" Jibu la kwanza, maji yalikuwa meusi hakuona chakula. La pili, bakteria walimla. La tatu, bakteria walimaliza oksijeni. La nne, chupa za plastiki zilimziba. Ukiona nusu ya darasa imechagua la pili, umejua kesho unaanzia wapi.

Sasa lile somo, vile nilivyolipanga mara ya pili na darasa lingine mwaka uliofuata. Nalieleza kwa urefu makusudi.

Nilianza na swali la mwisho. Kabla ya kufungua kompyuta, kabla ya kugusa azimio la kazi, nilichukua daftari nikaandika swali ambalo nataka mtoto aweze kulijibu Ijumaa bila msaada wangu: kwa nini samaki hufa kwenye mto wenye maji taka hata kama hakuna sumu iliyomwagwa? Jibu lake nikaliandika pia, kwa sentensi zangu. Maji taka ni chakula cha bakteria, bakteria wanapata chakula wanazaana kwa wingi, wakiwa wengi wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini, oksijeni inaisha, samaki anakosa pumzi. Basi. Mnyororo wa hatua tano. Hiyo ni kuelewa, ngazi ya pili tu, na sikuona haya kwamba wiki nzima lengo kuu lilikuwa kuelewa, kwa sababu ukielewa mnyororo huo unaweza kufanya mambo mengi nao.

Alafu nikajiuliza wanahitaji kukumbuka nini ili wafike hapo. Maneno manne: oksijeni iliyoyeyuka, bakteria, maji taka, kuoza. Kwa hayo sikuhitaji intaneti. Tulitumia ubao na maswali ya haraka haraka mwanzo wa kila kipindi, dakika nne, wanaandika kwenye karatasi bila kuangalia daftari. Bei yake ni karatasi iliyokatwa vipande. Kila kitu cha kukumbuka kikipimwa hivyo, mara nyingi na kidogo kidogo, kinakaa.

Kuelewa ndo nilileta simu yangu na projekta ya shule. Tukafungua Google Earth, ile ramani ya picha za setilaiti. Wengi wa wanafunzi wangu wanavuka Mto Nairobi kila siku wakija shule, wanaujua kwa harufu, lakini hakuna hata mmoja aliyejua unaanzia wapi. Tukaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, tukaufuata polepole ukiingia jijini, tukapita karibu na Makumbusho, Globe, Gikomba, tukashuka hadi Dandora, tukaufuata ukajiunga na Mto Athi, tukapita Fourteen Falls, mto ukabadilika jina ukaitwa Galana, tukafika baharini karibu na Malindi ambapo wenyeji wanauita Sabaki. Darasa lilinyamaza kabisa, mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, kwa hivyo kile tunatupa hapa kinaenda Malindi?" Nilikuwa na sentensi yangu ya kumjibu nikaimeza. Nikawaambia wajadiliane wawili wawili, je kinafika chote, nini kinafika na nini kinapotea njiani? Hapo ndo fikra zilianza, na kumbuka Google Earth yenyewe haikufanya kitu cha ajabu, ilituonyesha tu. Swali ndo lilifanya kazi. Ningewaambia "tazameni, mto unaanzia Ondiri unaishia Malindi, andikeni" ingekuwa kifaa kile kile, bando ile ile, na ngazi ya kukumbuka.

Ndo maana siku hizi sehemu ya nyenzo kwenye andalio langu siandiki jina la apu peke yake. Naandika apu pamoja na swali. "Google Earth: nini kinafika Malindi na nini kinapotea njiani?" Kama sina swali la kuweka hapo, naifuta hiyo apu.

Kipindi cha tatu kilikuwa cha vipimo. Kuna mazoezi ya bure ya sayansi kwenye skrini yanaitwa PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, yalianzishwa 2002 na Carl Wieman aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Lipo moja la kupima asidi, unachovya kipimo ndani ya maziwa, kahawa, sabuni, unaona namba inavyopanda na kushuka. Uzuri wake unaweza kulipakua likiwa faili ukalifungua bila intaneti. Lakini nilichofanya, kabla ya kuwaruhusu waguse tableti, kila kikundi kiliandika ubashiri wake, sabuni ya kunawia mikono itasoma juu au chini ya maji safi, na kwa nini. Bila huo ubashiri watoto wanabonyeza tu, wanafurahi, wanamaliza. Wakishaandika ubashiri kila namba inayotokea ni habari, ama walikuwa sahihi ama lazima waeleze. Alafu tukafanya kwa mikono pia, tulichemsha kabeji ya zambarau, maji yake yanabadilika rangi ukitia ndimu na yanabadilika tena ukitia sabuni. Kama shule yako haina tableti hata moja, hiyo kabeji inatosha, na ukiniuliza mimi naona inakaa kichwani zaidi ya skrini.

Kuchanganua kulikuja kipindi cha nne. Niliandaa jedwali dogo la vipimo vya kubuni, nikawaambia waziwazi kwamba ni vya mfano, sehemu tano za mto wa kufikirika, kila sehemu ina kiasi cha oksijeni, joto la maji na idadi ya samaki. Nikaliweka kwenye Google Sheets, tukachora grafu pamoja. Sehemu moja nilipanga kwa makusudi maji yawe na takataka nyingi za plastiki lakini oksijeni iko juu na samaki wapo, sehemu nyingine maji yanaonekana safi lakini oksijeni imeisha. Wale waliokuwa bado wanadhani "uchafu" unaoonekana kwa macho ndo unaua wakajipata kwenye shida, na nilitaka wajipate hapo. Walibishana karibu nusu saa. Kompyuta ilichora grafu kwa sekunde mbili, ikatuachia hizo dakika zote za kubishana, na hiyo ndo faida halisi ya kifaa ninayoiona: inachukua kazi isiyo na fikra ili muda ubaki kwa yenye fikra. Lakini angalia, kama lengo la somo ni mtoto ajue kuchora grafu mwenyewe, basi kifaa hicho hicho kimekunyang'anya somo lako. Kwa hivyo unajiuliza kila mara, hii kazi inayofanywa na mashine, ni ile niliyotaka mtoto aifanye?

Swali hilo hilo ndo la kuuliza kuhusu akili unde. Najua walimu wengi sahi tunaiambia ituandikie andalio, na sitasema usiitumie, kwa mzigo tulio nao wa maazimio, rekodi na rubriki (majedwali ya kupimia kazi ya mtoto) ni msaada. Lakini nimeona inachotoa usipoielekeza. Inakupa ngazi zote sita kwa kipindi kimoja, vitenzi vimepangwa safi kama wanajeshi wa gwaride, na shughuli ambazo haziulizi chochote. Inakupa pia mifano ya mito ya nchi nyingine. Mimi naitumia baada ya kuandika swali langu la mwisho na jibu lake, namwambia huyo msaidizi: nipe majibu kumi yasiyo sahihi ambayo mtoto wa miaka 12 anaweza kutoa kwa swali hili. Hapo inasaidia kweli, manake kutunga majibu mabaya yenye akili ni kazi ngumu usiku wa saa nne. Namwomba pia aniandikie swali moja kwa viwango vitatu vya ugumu, alafu nasoma mwenyewe nione kama kweli vinatofautiana ama amebadilisha kitenzi tu. Mara nyingi amebadilisha kitenzi tu, nafuta naandika mwenyewe. Na ukweli wowote anaokupa kuhusu Kenya, hakikisha kwenye kitabu kilichoidhinishwa ama kwenye nyenzo za KICD, taasisi ya mitaala, kule mtandaoni Kenya Education Cloud kabla hujaupeleka darasani.

Kuhusu bando na umeme sitasema mengi, kila shule ina hali yake na sote tunajua jiji hili, mtaa mmoja una intaneti ya nyaya na wa pili yake unategemea simu ya mwalimu. Pakua nyumbani kila unachoweza. Kiwix inakupa Wikipedia nzima bila intaneti, Kolibri inaweka masomo kwenye kompyuta moja ambayo vifaa vingine darasani vinaisoma. Na kama una simu moja na wanafunzi 60, iwe ya kuonyesha swali, isiwe ya kuzunguka mkono kwa mkono.

Kitu cha mwisho cha kupanga ni kipimo, na hapo ndo andalio nyingi huvunjika hata zile zenye apu nzuri. Unafundisha kuchanganua wiki nzima alafu kwizi ya Ijumaa kwenye Google Forms inauliza "taja aina nne za uchafuzi". Watoto si wajinga, wakiona unapima kutaja watajifunza kutaja. Ama inakuwa kinyume, umewafundisha kwa kuwasomea, alafu mtihani unataka wapendekeze suluhisho kwa kaunti. Kile ulichosema kwenye matokeo, kile walichofanya darasani, na kile unachopima Ijumaa viwe kitu kimoja. Mimi naviandika kwa mstari mmoja kwenye daftari, vitatu vikiangaliana, na ninaviangalia kabla ya kulala. Hata rubriki yangu nimebadilisha. Zamani kwa anayezidi matarajio niliandika "anabuni bango la kuvutia". Sahi naandika "anaeleza hatua zote tano za mnyororo na kusema ni hatua gani ingekatwa ili samaki waishi".

Bango lenyewe tulilifanya pia mwaka huo, Ijumaa, kwa Canva ile ile. Tofauti ni kwamba kila kikundi kilipaswa kuchagua hatua moja ya mnyororo, kupendekeza njia ya kuikata, na kuandika sababu ya kuacha zile zingine nne. Yalikuwa na rangi chache kuliko ya mwaka wa kwanza. Kikundi kimoja kilisema choo cha mtaa kiunganishwe na bomba la maji taka ndo bakteria wakose chakula, kingine kikasema hapana, hiyo itachukua miaka, wakataka mimea ya kinamasi irudishwe ukingoni kama kule Ondiri. Nikiwa napita kati ya meza, msichana mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima nilikuwa nimemsikia labda mara mbili, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, pale Fourteen Falls si maji yanaanguka na kutoa povu? Si hapo hewa inaingia tena? Kwa hivyo samaki wa baada ya maporomoko wanaweza kuishi?"

Hilo halikuwa kwenye andalio langu, wala sikuwa nimelifikiria. Tulirudisha projekta, tukafungua Google Earth tena, na dakika kumi zilizokuwa zimebaki darasa zima lilikuwa limeinama kuangalia lile povu jeupe.